Apolo Kivebulaya, mtumishi aliyevuka milima na jembe



Gazeti hili la kumbukumbu limejaa picha za watumishi wetu walio hai, na ni haki yao. Mimi nimeachiwa kurasa za marehemu. Nimemchagua mzee aliyelala mwaka 1933, ambaye wala hakuwa wa kwetu: Kanoni Apolo Kivebulaya, Muganda, mwinjilisti wa Toro na Kongo. Najua kuna atakayeuliza, mbona Wapentekoste tunampa nafasi kasisi wa Kianglikana mwenye kanzu yake? Wewe soma kwanza. Mtu huyu alipigwa kwa ajili ya Injili, akafungwa bila kosa, akatokewa na Bwana Yesu akiwa kifungoni, na tangu hapo huduma yake ikabadilika. Angefika kwenye kongamano letu tungempa kipaza sauti bila kumuuliza barua ya utambulisho. Nafikiri pia angekirudisha mapema kuliko wengi wetu.

Alizaliwa karibu mwaka 1864, huko Singo katika Buganda. Alikuwa pacha, ndiyo maana aliitwa Waswa. Waganda waliomo ushirikani hawahitaji kuelezwa. Alikua wakati nchi yao inachemka. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walikuwa wanashindania kiti cha Kabaka, na kuanzia 1888 wakapigana vita kwa bunduki. Dini ilikuwa kama chama: ukijua mtu anasali wapi, unajua bunduki yake itaelekea wapi. Kijana Waswa alipita humo humo. Alikuwa upande wa Waislamu kwa muda, kisha akavutwa na mafundisho ya wamisionari wa CMS, ambako alimsikia Alexander Mackay. Alikuwa askari. Mwaka 1891 alikuwa kwenye msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda magharibi hadi Toro, na huko ndiko alikoiona milima ya Ruwenzori. Kwa hiyo mara ya kwanza alifika nchi ile nyuma ya bunduki. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Unamjua Apolo wa Matendo ya Mitume, yule msemaji hodari kutoka Aleksandria. Pamoja na ufasaha wake wote, alikubali kukaa chini afundishwe njia ya Mungu na mafundi wa kushona mahema, mtu na mkewe. Sijui kama Waswa alilichagua jina kwa sababu hiyo. Lakini lilimkaa vizuri.

Hilo Kivebulaya lina kisa chake, na ni kisa cha koti. Alikuwa na koti jekundu la kizungu, akalivaa juu ya kanzu. Watu wakamwita kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya. Leo Busia koti la mitumba halimpi mtu jina, maana sote tungeitwa Kivebulaya! Siku zile lilikuwa jambo. Mtu mwenye koti kama hilo alitazamwa akipita. Basi ukitaka kumwona Apolo wa mwanzo, mwone hivyo: kijana wa miaka thelathini hivi, askari wa zamani, mtu wa taifa lenye nguvu kuliko majirani zake, amevaa koti jekundu, moyo wake una moto wa wokovu mpya. Vingi vya kujivunia alikuwa navyo.

Kabla hajaondoka Namirembe, nivumilie nikutajie Muganda mwingine wa rika lake, kwa sababu huyo sisi wa Tororo na Bukedi tunamjua vizuri zaidi. Ni Semei Kakungulu. Naye alipita katika vita zile zile za dini. Naye alikuwa Mprotestanti msomaji wa Biblia. Kuanzia 1899 alikuja mashariki na askari wake, akajenga maboma, akafungua barabara, akapanda miti, akaanzisha mji wa Mbale, akaweka watu wake kutawala Bukedi kwa Luganda. Lile jina lenyewe la Bukedi, wazee wetu husema ni la dharau, ati nchi ya watu walio uchi. Kakungulu alikuwa na vipawa vikubwa, hakuna wa kubisha. Lakini alitaka aitwe mfalme. Waingereza walimtumia, kisha wakampunguzia madaraka kidogo kidogo, naye akabaki na uchungu. Mwishoni aliachana na kanisa, akashika dini kwa njia yake mwenyewe, na jamii ya Abayudaya aliyoianzisha iko karibu na Mbale hadi leo. Alifariki 1928.

Simtaji ili nimhukumu. Namtaja kwa sababu hawa wawili walitoka katika nchi moja, miaka ile ile, wakiwa na imani ile ile. Mmoja alikwenda mashariki na mwingine magharibi. Ukipenda kujua kilichowatenganisha, mtazame yule aliyekwenda magharibi anafanya nini akinyimwa chakula.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya Ruwenzori, ukishuka bonde la mto Semliki na kupanda tena upande wa pili, kuna nchi iitwayo Mboga. Chifu wake alikuwa Tabaro. Mwaka 1896 walifika huko walimu wawili Waganda, lakini wakanyimwa chakula mpaka wakashindwa kuendelea. Kumnyima mgeni chakula ni silaha kali kuliko fimbo, kwa sababu hakuna damu wala kesi. Mgeni anaondoka mwenyewe, na wewe unasema hukumfukuza. Apolo, ambaye wakati huo alikuwa amepelekwa Toro kufundisha, ndiye aliyekubali kwenda badala yao. Alifika mwishoni mwa mwaka huo.

Chakula akanyimwa vile vile. Basi akashika jembe, akalima.

Usipite haraka hapo, ndugu yangu. Huyu alikuwa mwalimu, mgeni wa dini ya wakubwa, tena Muganda, na siku zile Muganda kwenye nchi za watu alizoea kulimiwa. Mahali pengi mwalimu akifika, wenyeji hupangiwa zamu ya kumletea ndizi. Apolo angeweza kupeleka malalamiko Toro, na Toro kulikuwa na ngome ya Waingereza. Hakufanya hivyo. Alilima bustani yake, akala alichopanda, na jioni akafundisha aliyependa kuja. Tabia hiyo hakuiacha hata alipopata vyeo. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee mwenye heshima zote, bado alionekana shambani.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Aliukemea ulevi na uganga mbele ya wakubwa, na Tabaro alikuwa mkubwa. Chifu aliona heshima yake inachezewa. Apolo alipigwa mpaka akaachwa kama maiti, na ni mwanamke aliyemhurumia na kumtunza hadi akapata nafuu. Akaamka, akarudi kufundisha. Mtu mnyenyekevu hivyo anasumbua sana! Huwezi kumtisha kwa kumwondolea cheo, maana hakukishika.

Kisha likaja jambo la 1898. Kulikuwa na ujenzi, na mwanamke mmoja wa nyumba ya chifu alianguka juu ya mkuki, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini adui zake Apolo walipata walichokitafuta, wakamshtaki kwamba ndiye aliyesababisha kifo. Alipelekwa kwenye ngome ya Waingereza huko Toro, pale palipokuja kuitwa Fort Portal, akafungwa.

Hebu kaa naye kidogo humo ndani. Kazi ya karibu miaka miwili imeharibika. Wale wachache aliowafundisha wamebaki na chifu anayewachukia. Jina lake limechafuka. Si kwamba anaitwa mjinga, anaitwa muuaji. Waliomfunga ni wale wale Wazungu ambao koti lake na jina lake vilimhusisha nao. Nchi yake ya Buganda iko mbali. Askari wa zamani, bunduki hana. Mwinjilisti, wa kumhubiria hana. Jembe nalo liko Mboga. Kila alichoweza kukiegemea kimeondolewa, kimoja baada ya kingine, mpaka akabaki yeye na Mungu wake na hofu.

Hapo ndipo Bwana alimtokea. Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa maana yuko pamoja naye, na kwamba aendelee kuwahubiria watu. Hakuelezwa kesi itakwishaje. Hakupewa ahadi kwamba Tabaro ataadhibiwa. Aliambiwa tu kuhusu uwepo wa Bwana na kazi iliyokuwa inamngoja. Na alishuhudia kwamba tangu mwaka ule, alipoomba na kuhubiri, aliona mambo ambayo hakuyaona kabla: watu wanatubu, makanisa yanasimama, wanaomchukia wanageuka.

Sisi Wapentekoste tukisikia ushuhuda kama huo tunakimbilia maono. Tunataka tufunge siku arobaini, nasi tuone jua. Mimi naona jambo jingine hapo, na ndilo lililonifanya nimchague mzee huyu kwa toleo la mwaka huu. Nguvu zilimjia mahali ambapo hakuweza kusema ni zake. Akiwa huru, na jembe na ujasiri wake, alikuwa anapanda. Ukuaji ulikuja baada ya kufungwa, alipokuwa hana mkono wa kushika chochote. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na unajua alijibiwa nini. Fungua 2 Wakorintho 12 ujisomee. Neema inamfikia aliyeishiwa. Mwenye akiba bado anahesabu akiba yake.

Ilionekana hana hatia, akaachiliwa. Sasa angalia alikokwenda. Alirudi Mboga. Alirudi kwa watu waliomshtaki, kwa chifu aliyekubali afungwe, na hakuna habari ya kulipiza kisasi wala kudai fidia. Ikafika siku ambapo Tabaro mwenyewe aliamini, akabatizwa, akaitwa Paulo. Fikiria ibada ya siku hiyo, hao wawili wamekaa katika nyumba moja ya nyasi. Mimi ningependa kujua nani alimtazama nani kwanza.

Mwaka 1900 alifanywa shemasi, na 1903 akawekewa mikono kuwa kasisi. Miaka mingi iliyofuata aliitumia Toro, akitembea vilimani, akifungua vituo, akiwafunza walimu. Hiyo sehemu nitaipita haraka, siyo kwa sababu haikuwa na matunda, ila kwa sababu wengi wameiandika na ukurasa wangu ni mdogo. Niseme tu kwamba hakuoa, kwamba nyumba yake ilijaa watoto wasio na wazazi aliowalea, na kwamba mshahara wake mdogo uliishia mikononi mwa watu.

Sasa nije kwenye jambo la mipaka, ambalo wewe na mimi tunalijua kwa miguu yetu.

Hapa kwetu, kabla ya 1902, Uganda ilifika mbali huko mashariki, hadi pande za Naivasha. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki ukahamishiwa upande wa pili, ambao leo ni Kenya. Wasamia hawakuhama. Wateso hawakuhama. Mstari ndio uliohama, ukapita katikati ya mashamba na makaburi, na asubuhi shangazi akawa raia wa nchi nyingine. Tangu hapo tumekuwa tukivuka: kwa harusi, kwa msiba, kwa mahindi, kwa sukari. Mpaka wetu wa Busia ndio ulioipa dunia neno bodaboda, kutokana na vijana wa baiskeli waliopeleka watu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Na ushirika huu ulizaliwa katika kuvuka huko huko.

Mboga nayo ilipatwa na jambo hilo hilo. Ilihesabiwa kuwa ya Uganda, kisha kwa mapatano ya 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji ikaangukia upande wa Kongo. Waumini wa Apolo walilala chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine. Wakaachwa peke yao, kundi dogo ng'ambo ya mstari, mbali na askofu wao. Mtu mwingine angesema mlango umefungwa, hiyo sasa ni kazi ya Wabelgiji na misheni zao. Apolo, akiwa na miaka zaidi ya hamsini, aliomba kurudi kwao. Akavuka tena Semliki, akakaa Mboga hadi mwisho wa maisha yake, safari za hapa na pale zikiwa hazihesabiwi.

Mwaka 1922 walimfanya kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Ni cheo kikubwa kwa Waanglikana, kiti chake kiko mbele. Na wakati huo huo wa kupandishwa, yeye alikuwa anashuka: alikuwa ameanza kuingia msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti.

Unajua jinsi watu wanavyowasema Wambuti. Hata leo wako wanaosema mbilikimo kwa kicheko. Zamani majirani zao waliwahesabu kama nusu ya mnyama, watu wa kuwinda na kuleta nyama, si watu wa kukaa nao. Kanoni wa Namirembe alikwenda akakaa nao. Alingoja nje ya kambi zao mpaka wamzoee, akalala wanakolala, akajifunza kusema nao. Alishughulika na kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao, kazi ngumu kwa mzee aliyekulia katika Luganda. Na hili ndilo ninaloomba tulipime sisi wenye mikutano ya lugha nne. Muganda yule aliyefika Toro mara ya kwanza nyuma ya bunduki, katika siku ambapo watu wake waliona Luganda ndiyo lugha ya kumsemesha Mungu, sasa anakaa juu ya gogo msituni, mvi kichwani, anauliza neno hili mnalisemaje, naye mtoto anamcheka anavyolitamka.

Sitasema hakuwa na upungufu. Alikuja na mambo ya wakati wake, na si kila alichokikataza kwa wenyeji kilikuwa dhambi. Walimu Waganda walibeba desturi zao pamoja na Biblia, naye alikuwa mmoja wao. Lakini Mungu aliendelea kumvua kitu kimoja kimoja, na yeye aliendelea kukubali kuvuliwa.

Msomaji, wewe umekaa kwenye mikutano yetu ya pamoja. Umeona viti vya mbele vilivyofunikwa kitambaa, na majina yaliyobandikwa. Umeona muda unavyopotea tukitambulisha wageni wa heshima, kila mmoja na cheo chake: nabii, mtume, askofu mkuu, daktari. Umesikia manung'uniko ya kamati, ati upande huu unatoa fedha nyingi na upande ule unatoa wahubiri wengi; kwamba mwaka jana jina la upande wa Kenya lilitangulia kwenye bango, basi mwaka huu litangulie la Uganda. Na yule ndugu anayetafsiri kutoka Kiswahili hadi Ateso, au Lusamia, au Dhopadhola, anasimama saa nne juani, na jina lake halimo kwenye ratiba. Ushirika wa watu wa mpakani unaweza kuvunjika kwa vitu vidogo kama hivi, na tuliokuwepo miaka ya kwanza tunajua ni mara ngapi ulikaribia.

Mimi nina maoni yangu, na mhariri amenivumilia niyaseme: tatizo letu si vyeo. Apolo alikuwa na cheo, na hakukikataa. Kukataa cheo kwa kelele ni namna nyingine ya kujionyesha. Cheo kilimkuta ameshika kitu kingine. Alikuwa amejua tangu usiku ule wa kifungo kwamba asingeweza kumgeuza hata mtu mmoja, na mtu anayejua hivyo hana haja ya kupigania bango. Sisi tunapigania kwa sababu bado tunaamini, kisirisiri, kwamba kazi hii imesimama kwa ajili yetu.

Karibu na miaka sabini moyo wake ulianza kudhoofika. Alipelekwa Mengo kutibiwa, na Mengo ilikuwa hospitali bora ya nchi. Angeweza kubaki pale, karibu na kanisa lake kuu, karibu na ndugu zake Waganda, akafa kwa heshima na kuzikwa na umati. Alipotambua kwamba siku zake zimekwisha aliomba arudishwe Mboga. Ni safari ndefu kwa mgonjwa wa moyo: barabara hadi Toro, kisha milima, kisha bonde lenye joto, kisha kupanda tena. Wakamrudisha. Alifariki huko Mboga tarehe 30 Mei 1933.

Kutokana na kazi yake na ya walimu aliowafunza, Kanisa la Anglikana la Kongo lilipata mzizi. Mwaka 1972 Dayosisi ya Boga-Zaire iliundwa, na 1992 kanisa hilo likawa jimbo linalojitegemea. Siku hizi jina la mahali huandikwa Boga, bila ile M ya mbele. Waanglikana humkumbuka Apolo kila tarehe 30 Mei, hata Uingereza kwenye kalenda yao.

Na mahali penyewe? Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile za kumbukumbu yake, waasi waliwavamia watu wa Boga na Tchabi usiku, wakaua zaidi ya hamsini. Familia nyingi zilikimbia. Sisi tunaolalamika kwa foleni ya matrela pale Malaba tuwataje kwa jina tunapoomba, maana wako katika mpaka kama sisi, ila wao hawalali.

Jambo moja limebaki. Desturi ilikuwa marehemu azikwe kichwa kikielekea mashariki. Apolo, kabla hajafa, aliomba yeye azikwe kichwa kikielekea magharibi. Magharibi ya Mboga ndiko uliko msitu, na ndani ya msitu walikuwamo watu ambao hakuwahi kuwafikia. Hakuagiza jiwe lenye majina yake wala vyeo vyake. Alitaka hilo tu la kichwa, na wenyeji wa Mboga, watoto wa wale waliomnyima chakula, wakalichimba kaburi kama alivyoomba.